Saksafoni na Mipaka ya Uhakiki wa Wimbo: Mapokezi ya Albamu ya Verckys Yakitazamwa kutoka Kasese na Bwera

Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani ilitoa albamu iliyokusanya kazi za mpuliza saksafoni Verckys na bendi yake, Orchestre Vévé, zilizorekodiwa studioni kati ya 1969 na 1978. Jalada linautangaza muziki huo kuwa fanki ya Kongo, afrobiti na rumba ya saikedelia. Miongoni mwa nyimbo zake umo "Cheka Sana", anwani ambayo mchuuzi wa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, hahitaji kutafsiriwa. Makala haya yanadai kwamba kati ya jalada na anwani hiyo pana pengo ambalo uhakiki wa Kiswahili haujajitahidi kuliziba.

Kiamuangana Mateta alizaliwa 1944, akajiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963, na akaondoka 1969 kuunda bendi yake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba jina Verckys lilitokana na kusikia visivyo jina la King Curtis, bingwa wa saksafoni ya soul wa Marekani. Ikiwa ni hivyo, jina lenyewe ni tukio la mapokezi: sikio la Kinshasa lilipokea sauti kutoka ng'ambo, likaitamka lilivyoweza, na kosa hilo likawa alama ya msanii.

Mapokezi ya Verckys yamekwenda kwa njia mbili. Ya kwanza ilifuata maneno. "Nakomitunaka" ya 1972, wimbo wa Kilingala unaohoji kwa nini Mungu na watakatifu wachorwe kwa sura ya Wazungu, uliwaudhi viongozi wa Kanisa Katoliki, na tangu hapo Verckys hutajwa kama mtunzi wa hoja. Njia ya pili ndiyo ya albamu ya 2014: msikilizaji wa Ulaya anakaribishwa kucheza, na Kilingala kinabaki kama rangi ya sauti tu. Njia ya kwanza inasikia maneno na kuisahau saksafoni. Ya pili inaipata saksafoni na kuyapoteza maneno. Kwa kipimo cha haki, hii ya pili imemtendea Verckys mpigaji wema zaidi. Santuri nyingi za Kongo za miaka hiyo ziliugawa wimbo mmoja katika pande mbili, na upande wa pili ulimilikiwa na sebene, ambayo wanamuziki wa dansi wa Tanzania huiita chemko. Hapo saksafoni ya Verckys haipambi sauti ya mwimbaji. Inashika vipande vifupi, inavirudia, inajibizana na magitaa, inakuwa mwimbaji.

Mhakiki wa Kiswahili aseme nini juu ya upande huo wa pili? Zana alizorithi ni za ushairi: dhamira, falsafa, tamathali, mkarara. Wimbo huandikwa kwanza kama shairi, kisha huchambuliwa kama shairi, na kilichobaki nje ya karatasi huitwa "ala" na kupitwa. Upungufu huu si wa muziki wa Kongo peke yake. Taarabu ya Unguja ina bashrafu, muziki usioimbwa kabisa, lakini tahakiki za taarabu zimejaa mafumbo ya mashairi na kuitaja bashrafu kwa sentensi moja, kama mtu anayewaonyesha wageni ukumbi bila kuwakaribisha. Kumbe sikio hutangulia. "Soul Makossa" ya Manu Dibango ilifika nafasi ya 35 katika chati ya Billboard mwaka 1973, ingawa Wamarekani wachache mno walijua Kiduala.

Suala hili lina uzito wa kisera. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, mwaka uleule Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika sehemu nyingi za Uganda lugha hii bado inabeba kumbukumbu ya kambi za jeshi. Kasese ina historia nyingine pia: reli iliyofika 1956, shaba ya Kilembe, na biashara ya kuvuka Mto Lhubiriha kwenda Kasindi, kati ya Wakonzo na Wanande ambao lugha zao zinakaribiana sana. Muziki wa Kongo umo katika historia hiyo, lakini kwa kuwa sehemu yake kubwa imeimbwa kwa Kilingala, mtaala wa Kiswahili unauhesabu kuwa si wake. Uamuzi huo ni finyu. Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya kuzungumzia kazi ambayo haikutungwa kwa Kiswahili.

Itapingwa kwamba walimu wa lugha si wanamuziki, na vipindi havitoshi. Pingamizi hilo ni la kweli kwa upande wa vipindi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyekulia penye endara, marimba makubwa ya Wakonzo yanayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja, anajua tayari jinsi mkono mmoja unavyosubiri mwingine. Anachokosa ni maneno ya Kiswahili ya kulieleza hilo. Kuhusu "Cheka Sana" angeweza kuulizwa saksafoni inaingia wapi, inamjibu nani, na inanyamaza lini.