Pongezi kwa Wakusanyaji wa Kamusi ya Pune

Mshairi wa zama hizi atungaye kwa Kisanskriti, lugha ambayo ni wachache mno waipatao kwa mama zao, hana budi kuwategemea watu asiowajua: wanazuoni wa Chuo cha Deccan, mjini Pune, nchini India, ambao tangu mwaka 1948 wanakusanya kamusi ya lugha hiyo kwa kufuata historia ya kila neno. Vitabu vipatavyo 1,500, vya dini, sheria, tiba, falaki na ushairi, vilisomwa mstari kwa mstari, na maneno yake yakanakiliwa kwa mkono, kila kikaratasi na neno lake, jina la kitabu na mahali lilipotajwa, hata vikaratasi vikafikia milioni 10 hivi, navyo vikapangwa katika makabati ya chuma. Juzuu ya kwanza ilianza kutoka mwaka 1976. Walioiasisi kazi hiyo wamekwisha fariki, na warithi wao, wakipambanua bila pupa maana ya kale na iliyozuka baadaye, wangali katika herufi ya kwanza. Basi, ewe msomaji, ufunguapo kamusi yoyote, uwakumbuke watu wa namna hii, kwani haki yao haijalipwa.