Kumkumbuka Duane Allman: Tanzia au Uhakiki?

Mnamo mwaka 1973, miaka miwili baada ya kifo cha mpiga gitaa Duane Allman, wapenzi wake walichimba maandishi makubwa katika ukingo wa udongo kando ya barabara kuu, karibu na mji wa Vicksburg, jimbo la Mississippi, nchini Marekani. Maandishi hayo yaliwataka wapitao njia jambo moja tu, yaani wamkumbuke Duane Allman. Hayakusema alikuwa nani, wala akumbukwe kwa lipi. Walioyachimba waliona kwamba jina latosha.

Sisi tunaofundisha fasihi tunaifahamu sana hali hiyo. Mwanafunzi akipewa utungo wa kumlilia marehemu, aghalabu hutuletea sifa badala ya uhakiki, kwa kuwa huona haya kumpima mtu aliyekufa. Mgema akisifiwa, walisema wahenga, tembo hulitia maji. Lakini mgema aliyekwisha kufa hawezi tena kulitia maji tembo lake. Alitiaye maji sasa ni yule anayemsifu. Kwa hiyo yafaa tuulize: mpiga gitaa huyu aliacha nini hasa, na je, wanaomkumbuka wanakumbuka kitu hicho?

Howard Duane Allman alizaliwa Nashville, jimbo la Tennessee, tarehe 20 Novemba 1946. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu baba yake aliuawa, na mama akabaki na kazi ya kuwalea yeye na mdogo wake, Gregg. Mwaka 1968 alikuwa Muscle Shoals, jimbo la Alabama, akipiga gitaa katika santuri za waimbaji wengine, mmojawapo akiwa Wilson Pickett. Machi 1969, mjini Jacksonville, Florida, iliundwa bendi ya watu sita: Duane na Dickey Betts wakishika magitaa, Gregg akiimba na kupiga kinanda, Berry Oakley akipiga gitaa la besi, na wapiga ngoma wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Bendi ikaitwa The Allman Brothers Band, ikahamia Macon, jimbo la Georgia. Tarehe 29 Oktoba 1971 Duane alipata ajali ya pikipiki mjini humo, akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1972, Oakley naye alipata ajali ya pikipiki karibu na mahali palepale, akafariki akiwa na umri uleule. Wamezikwa pamoja katika makaburi ya Rose Hill.

Msiba wa namna hii huzaa hadithi, na hadithi huzaa neno "lau". Lau angaliishi, husema wapenzi wake, angalifanya haya na yale. Hatuwalaumu, maana majonzi yana lugha yake. Lakini "lau" si santuri, na haiwezi kuwekwa juu ya gramafoni ikasikilizwa. Mhakiki hana budi kuanza na kazi iliyopo.

Iliyopo, na iliyo bora kuliko zote, ni ile iliyonaswa mbele ya wasikilizaji mjini New York mwezi Machi 1971, ikatolewa Julai ya mwaka huohuo kwa jina la At Fillmore East. Hebu tuutazame utungo mmoja humo, "In Memory of Elizabeth Reed". Utungo huu hauna maneno. Aliyeutunga si Duane bali ni Betts, na jina lake alilitoa katika jiwe la kaburi moja la Rose Hill. Kwanza magitaa mawili hutembea pamoja, moja juu na jingine chini, kama watu wawili waimbao beti zilezile kwa sauti mbili. Kisha Betts hupewa nafasi, baadaye kinanda cha Gregg, na hapo ndipo Duane huingia. Haanzi kwa kishindo. Hupanda, kisha huishusha sauti hata ikakaribia kimya, na ngoma nazo hushuka pamoja naye. Halafu hujenga upya, ngazi kwa ngazi, mpaka kilele. Msikilizaji anayelifuata gitaa peke yake atasikia ufundi wa vidole. Anayezisikiliza ngoma na besi wakati huohuo atasikia jambo kubwa zaidi: watu sita wanasikilizana. Kila apandapo Duane yupo wa kumjibu, na kila ajibiwapo hubadili mwendo wake. Sisi wenye mapokeo ya malumbano ya washairi tunajua kwamba jibu zuri hutoka kwa mtu aliyelisikia swali.

Hiyo ndiyo fani yake. Wapenzi wengi huzungumza zaidi juu ya kichupa cha dawa ya mafua alichokivaa katika kidole cha pete na kukitelezesha juu ya nyuzi, hata gitaa likalia kama sauti ya mtu. Kichupa kilikuwa chombo tu. Wapo waliokivaa baada yake wasiweze kusema neno.

Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa chema. "Mountain Jam", iliyotolewa mwaka 1972 katika Eat a Peach, huchukua zaidi ya dakika 33 na kujaza pande mbili nzima za santuri. Mna humo mahali ambapo mazungumzo yamekwisha na wazungumzaji bado wamekaa. Kuyasema haya si kumvunjia marehemu heshima. Mwalimu asiyeonyesha kasoro za utungo hawezi kuaminiwa anapousifu.

Tukigeukia maudhui, twakuta jambo ambalo kumbukumbu za mashabiki mara nyingi hulipita haraka. Muziki huu huitwa roki ya Kusini, na katika miaka ya 1970 jina hilo lilifungamanishwa na bendera ya majimbo yaliyopigana ili kulinda utumwa. Lakini bendi ya Duane ilikuwa na Jaimoe, mtu mweusi wa Mississippi, tangu siku yake ya kwanza, katika Georgia ya mwaka 1969, miaka mitano tu baada ya sheria ya 1964 iliyokataza ubaguzi katika hoteli na mikahawa. Utungo unaofungua At Fillmore East ni wa Blind Willie McTell, mwimbaji kipofu mweusi wa Georgia, aliyeurekodi mwaka 1928. Urefu na uhuru wa upigaji wao walijifunza kwa kuwasikiliza mabingwa weusi wa jazi, Miles Davis na John Coltrane. Hata chakula chao mjini Macon, walipokuwa hawana fedha, walikipata kwa huruma ya mama mweusi, Louise Hudson, katika mkahawa wa H&H. Anayemkumbuka Duane akawasahau hawa amekumbuka tawi, akausahau mti.

Ushahidi wa mwisho ni yale yaliyotokea baada yake. Bendi haikufa. Mwaka 1973, bila Duane, ilitoa Brothers and Sisters, na "Ramblin' Man" wa Betts ukafika nafasi ya pili nchini Marekani. Iliendelea, kwa kuvunjika na kuungana tena, hadi tarehe 28 Oktoba 2014, ilipopiga kwa mara ya mwisho katika ukumbi wa Beacon, New York, na onyesho likapita usiku wa manane, likaingia tarehe 29, siku ya kifo cha Duane. Trucks na Gregg walifariki mwaka 2017, Betts mwaka 2024. Kama urithi ungekuwa vidole vya mtu mmoja, ungalizikwa mwaka 1971. Ulidumu miaka 43 zaidi kwa sababu alichowaachia wenziwe ni namna ya kusikilizana.

Mwanafunzi akituuliza aanzie wapi, tungempa "Little Martha", utungo unaoifunga Eat a Peach. Katika santuri za bendi hii ndio utungo pekee ambao Duane anatajwa kuwa mtungaji wake peke yake. Hakuna ngoma wala kichupa, wala hakuna kilele. Ni magitaa mawili yasiyotumia umeme, la Duane na la Betts, kwa muda wa dakika mbili tu. Mtu aliyesifiwa kuwa bingwa wa kupiga peke yake, alipotunga peke yake, alitunga mazungumzo ya watu wawili. Tunadhani hapo amejieleza vizuri kuliko maandishi yote ya kando ya barabara.