Nani Anasema «Mimi»? Misimu ya Wamarini wa Marekani katika Riwaya ya Hasford na Filamu ya Kubrick

Wasomaji wengi wa riwaya za vita huyachukua maneno ya kiaskari kama viungo vya mchuzi: mwandishi huyanyunyiza hapa na pale ili mazungumzo yanukie kambi. Uhakiki wa namna hiyo huishia katika orodha ya maneno na maana zake. Katika makala haya tunapendekeza usomaji mwingine, tukichukua kwa mfano riwaya ya Gustav Hasford, «The Short-Timers», iliyotoka mwaka 1979, pamoja na filamu ya Stanley Kubrick, «Full Metal Jacket», iliyotokana na riwaya hiyo mwaka 1987. Kazi zote mbili zahusu Wamarini wa Marekani katika vita vya Vietnam, na Hasford mwenyewe alikuwa Mmarini mwandishi wa habari huko. Kwa maoni yetu, jambo linalosimuliwa katika kazi hizi ni jinsi lugha ya kikosi inavyomvua kijana nafsi yake na kumvika nyingine. Kazi hizo zafaa kupimwa kwa kiasi zinavyotuonyesha tendo hilo likifanyika.

Neno moja kwanza juu ya jina. Magazeti ya Kiswahili huwaita askari hao «wanamaji», neno lile lile litumikalo kwa mabaharia wa kivita. Mmarini angekasirika kusikia hivyo. Kikosi chake, kilichoundwa mwaka 1775, kiko chini ya idara moja na mabaharia, lakini kazi yake ni kushuka melini na kupigana ufukoni na bara. Kwa hiyo hapa tutasema Wamarini.

Hata hivyo ujirani wa meli umeacha alama katika usemi wao wote. Mmarini aliye kambini, mbali na bahari, huita sakafu kwa neno la sitaha, ukuta kwa neno la kiambaza cha meli, na mlango kwa neno la kifuniko cha tundu la sitaha. Choo hukiita «head», yaani kichwa, kwa kuwa zamani za matanga mabaharia walijisaidia penye omo, kichwani mwa chombo. Uvumi huitwa «scuttlebutt», jina la pipa la maji ya kunywa ambalo mabaharia walikutania na kupashana habari. Msomaji wa Kongo atakumbuka mara moja kile tunachokiita «radio trottoir»: pipa huko, ukingo wa barabara huku, kazi ni ile ile. Kuruta (nalo ni neno la Kiingereza lililokwisha kuwa la Kiswahili kwa njia ya majeshi) analazimishwa kutumia maneno hayo tangu siku ya kwanza. Nyumba aliyolelewa ilikuwa na sakafu na mlango, na maneno hayo mawili ananyang'anywa.

Fungu la pili la misimu hiyo lina historia ndefu zaidi, kwa sababu ni kama daftari la nchi ambako Wamarekani walipeleka silaha. Porini au mashambani ni «boondocks», kutokana na «bundok» ya Kitagalogi, maana yake mlima, neno lililookotwa Ufilipino katika vita vilivyoanza mwaka 1899. Mkubwa wa kundi ni «honcho», kutokana na neno la Kijapani la kiongozi wa kikosi kidogo, lililoenea kwa askari waliokaa Japani baada ya 1945 na waliopigana Korea. «Gung-ho» lina kisa cha ajabu. Evans Carlson, afisa Mmarini, alisafiri na jeshi la wakomunisti wa China mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1942 akakipa kikosi chake wito huo, uliotokana na kifupisho cha jina la vyama vya ushirika wa viwanda vya Kichina. Yeye aliufasiri kuwa ni kufanya kazi pamoja. Leo neno hilo lamaanisha mtu mwenye pupa ya vita, na mara nyingi husemwa kwa dhihaka. Ushirika wa mafundi wa Kichina umepotea humo bila kuacha harufu.

Kutoka Vietnam walikuja na «boo-koo», yaani «beaucoup» ya Kifaransa, iliyoachwa huko na ukoloni uliotangulia na kuokotwa na vijana ambao wengi wao hawakujua Kifaransa. Sisi tulioipokea «beaucoup» kutoka kwa mkoloni mwingine twaweza kuisikia sauti hiyo vizuri zaidi ya wahakiki wa New York. Twajua neno likisafiri kwa njia hiyo huwa limepita mikononi mwa nani.

Si kila hadithi ya maneno yao ni ya kuaminiwa. Wamarini hupenda kusimulia kwamba Wajerumani ndio waliowaita «mbwa wa shetani» katika msitu wa Belleau, Juni 1918. Lakini jina hilo lilikuwa limekwisha kuchapwa katika magazeti ya Marekani kabla ya mapigano hayo, na Kijerumani chake, «Teufel Hunden», kina kosa la sarufi. Hapa kikosi kimejisifu kwa kinywa cha adui, ufundi unaojulikana pia na watunzi wetu wa majigambo.

Sasa tuingie katika jambo lililo zito kuliko yote. Kwenye kambi ya Parris Island, huko South Carolina, kuruta haruhusiwi kusema «mimi». Akitaka maji, hujitaja kama mtu wa tatu: kuruta fulani anaomba maji. Katika Kiingereza nafsi ni neno linalosimama peke yake, na mtu aweza kuliondoa kama kofia. Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi. «Nimechoka» ikigeuzwa kuwa «kuruta amechoka», ni- imeng'olewa na a- imepandwa mahali pake. «Nipe» huwa «umpe». «Mama yangu» huwa «mama yake». Mfasiri wa Kiswahili atakayekishika kitabu hiki atalazimika kuufanya unyang'anyi huo upya katika kila sentensi. Twaona hiyo ni bahati, wala si kikwazo, kwa kuwa lugha yetu itauonyesha wazi kuliko ile ya asili.

Zaidi ya hayo, mahali pamoja nafsi ya kwanza inarudishwa. Makuruta hukariri kiapo cha bunduki, kilichoandikwa na Jenerali William Rupertus katika Vita Vikuu vya Pili, na ndani ya kiapo hicho wanaamriwa kusema «mimi» na «yangu». Kijana asiyeruhusiwa kusema kwamba kiu ni yake anaruhusiwa kusema kwamba bunduki ni yake. Katika filamu, Leonard, kuruta mnene anayedhihakiwa na wote, anakariri kiapo hicho usiku wa mwisho wa mafunzo, bunduki ikiwa na risasi, kisha anamuua sajenti wake na kujiua. Wengi husema kijana huyo amerukwa na akili. Ni kweli, lakini tusisahau kwamba anafanya hivyo akiwa anatamka, neno kwa neno, maneno pekee ya nafsi ya kwanza aliyofundishwa. Tena anayatamka chooni, katika kile kinachoitwa kichwa.

Baada ya kambi huja Vietnam, na hapo lugha mbili zinakabiliana. Joker, mhusika mkuu, ni mwandishi wa gazeti la jeshi. Katika kikao cha wahariri afisa wake anaagiza kwamba badala ya «kutafuta na kuangamiza» sasa waandike «kufagia na kusafisha». Ofisi inaua kwa ufagio. Askari wa mstari wa mbele nao wana kitenzi chao cha kuua, «waste», ambacho kwa maana ya kawaida ni kufuja mali. Mfasiri atavutiwa na «kummaliza mtu», lakini sisi tungechagua «kumfuja». Mzaha huo ni mkali kuliko lugha ya ofisi na una ukweli zaidi, maana hakifujwi ila kitu chenye thamani. Hasford ameliona hilo. Ndiyo sababu katika sehemu ya tatu ya riwaya, porini karibu na Khe Sanh, mzaha unakauka. Joker anampiga risasi rafiki yake Cowboy, aliyejeruhiwa na kuwa chambo cha mdunguaji, na hakuna msimu wa kumfunika. Kubrick ameliondoa tendo hilo. Cowboy wa filamu anauawa na adui mjini Hue, na Joker anabaki na mdunguaji msichana wa kummalizia. Kwa maoni yetu hapo filamu imepungua, kwa kuwa yule aliyefunzwa kusema maneno hayo haulizwi na mtu wake mwenyewe.

Upungufu wa pili umetokana na uzuri wa filamu. Kazi ya sajenti ilipewa R. Lee Ermey, aliyekuwa kweli sajenti mkufunzi wa Wamarini, naye akatoa kinywani mwake sehemu kubwa ya matusi tunayoyasikia. Matusi hayo yana mahadhi, yana picha, yanachekesha. Mtazamaji anacheka pamoja na anayetukana. Anthony Swofford, Mmarini wa vita vya Ghuba, ameeleza katika «Jarhead» (2003) jinsi yeye na wenzake walivyotazama filamu za Vietnam mwaka 1990 ili kujitia hamu ya kupigana, ingawa watengenezaji walikusudia kinyume. Hatumlaumu Kubrick kwa kila mtazamaji. Lakini mtunzi anayeazima ulimi wa kikosi mzima mzima na kuung'arisha amekisaidia kikosi kuliko alivyotaka.

Kifaransa, ambamo wengi wetu hukutana na vitabu hivi, kimeipa riwaya jina «Le Merdier». Jina hilo lina nguvu ya matope, lakini limeua hesabu iliyo katika jina la asili: «short-timer» ni askari aliyebakiza siku chache katika miezi yake 13 ya Vietnam, anayezihesabu kila asubuhi. «Waliobakiza Siku» lingekuwa karibu zaidi.

Haja ya kujifunza kusoma misimu ya namna hii si ya mbali kwetu. Mwaka 1996 na 1997, vikosi vya AFDL vilipotoka Kivu hadi Lubumbashi na Kinshasa, vilituletea «afande», na vilituletea «kadogo», jina la mtoto aliyeshika bunduki. Kiambishi ka- katika Kiswahili chetu ni cha udogo na cha huruma. Mama humwitia mwanawe. Hatujapata bado riwaya iliyokichunguza kiambishi hicho kama Hasford alivyoichunguza lugha ya kikosi chake. Atakayeiandika itambidi aamue, tangu ukurasa wa kwanza, kama mtoto huyo atasema «ni-» au atatajwa tu na wengine kwa «ka-».