Wajomba wa Mwindo na likembe ya Mingiedi

Huku Walikale, Wanyanga husimulia kwamba Mwindo, kabla ya kumwendea baba yake Shemwindo aliyemkataa tangu kuzaliwa, alipita kwanza kwa wajomba zake. Wajomba hao ni popo, na kazi yao ni uhunzi. Walimfua, wakamvika chuma mwili mzima. Mwaka 1956 Candi Rureke aliimba na kuicheza hadithi hiyo kwa siku 12 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck.

Nikisikiliza bendi ya Konono Nº1, nawaona popo wale wakifukuta moto.

Ulaya na Marekani wana bendi zao za metali nzito. Kongo tuna Konono, na kwangu mimi hakuna muziki wenye chuma zaidi ya huo. Mawangu Mingiedi, Mzombo wa upande wa mpaka wa Angola, aliianzisha Kinshasa miaka ya 1960. Alitaka likembe iimbe nyimbo ambazo kwao zilipigwa kwa pembe za ndovu. Lakini likembe ni chombo cha kunong'ona: vijiti bapa vya chuma, vimekazwa juu ya kisanduku cha mti, na dole gumba linavidonoa. Mjini, kelele za magari na baa zingeimeza.

Basi akajitengenezea mikrofoni. Alichukua sumaku za magari mabovu, waya wa shaba, na mti wa kuchonga. Sauti ikatoka kubwa, tena yenye mkwaruzo, kama pembe inayopulizwa kwa pumzi nzito. Fundi mwingine angeusafisha mkwaruzo ule. Yeye aliupenda, akaulea, akaupangia likembe tatu: ya juu, ya kati na ya besi. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Dunia ilichelewa. Albamu yao ya Congotronics ilitoka mwaka 2004, ndipo hata mwimbaji Björk akawaita kwenye wimbo wake wa mwaka 2007. Mingiedi alifariki mwaka 2015, na mwanawe Augustin akaendelea kuiongoza bendi.

Mimi niliisikia kwa mara ya kwanza Masisi, simu imeunganishwa na bafle iliyopasuka. Nilidhani ufa ndio unaokwaruza. Nikabadilisha wimbo, sauti ikawa safi. Nikairudisha likembe, mkwaruzo ukarudi nayo. Nikaisogeza bafle karibu na sikio.