Kufuli Lililochelewa: Tahakiki ya Masahihisho Mawili ya Linux

Programu nazo ni maandishi, na mwenye kuzisoma aweza kuzihukumu kama ahukumuvyo maandishi mengine. Mistari ninayoitazama hapa imo katika sehemu ya mtandao ya kiini cha Linux, nayo ilisahihishwa mwishoni mwa mwaka 2016.

Kasoro yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye soketi ya pakiti aweza kuomba atengewe duara la kumbukumbu la kupokelea pakiti, na aweza pia kuchagua toleo la duara hilo. Toleo la 3, lililoongezwa mwaka 2011, lina kipima muda, yaliyotangulia hayana. Kanuni yasema toleo lisibadilishwe duara likiisha kuwapo. Walakini swali la kwamba duara lipo au halipo liliulizwa pasipo kushika kufuli la soketi, na kazi ya kutengeneza duara nayo ililishika ikiwa imekwisha fika katikati. Basi kazi mbili zilipokwenda pamoja, moja iliandaa kipima muda na ya pili ikageuza toleo kuwa la 1. Soketi ilipofungwa, toleo lililoandikwa lilionyesha kwamba hapana kipima muda cha kuondolewa; kumbukumbu ikaachiliwa nacho kingalimo ndani yake. Mashine ilianguka, au, mikononi mwa mjanja, ilimpa mamlaka yote ya msimamizi.

Dawa ilikuwa fupi: kufuli lishikwe tangu mwanzo wa kutengeneza duara, na mwenye kubadili toleo alishike kabla ya kuuliza. Maelezo yaliyoambatana nayo ni ya kusifiwa, kwa kuwa yaeleza chanzo, madhara na tiba kwa sentensi chache zisizo na mapambo.

Lawama yangu ni kwamba msahihishaji alitibu mlango mmoja asiutazame wa jirani. Kazi ile ile ya kutengeneza duara husoma pia kipimo cha nafasi ya akiba, nacho kiliweza kubadilishwa vivyo hivyo pasipo kufuli. Kasoro hiyo ya pili ilivumbuliwa na programu ya majaribio iitwayo syzkaller, ikasahihishwa Agosti 2017, na dawa yake ilikuwa ile ile.

Huenda neno lenyewe lina sehemu yake katika kosa. Tusemapo kufuli, twafikiri mlango usiopitika pasipo ufunguo. Kufuli la kiini halimzuii apitaye bila kuuliza. Lafanana zaidi na zamu ya kisimani, iwafaayo wale tu waliokubali kupanga foleni. (Sipendekezi tuliache neno, limekwisha enea.) Katika sehemu nyingine za Linux, kando ya jina la kitu huandikwa ni kufuli lipi likilindalo. Hapa maelezo ya namna hiyo yangalimlazimu msahihishaji wa kwanza kupitia kila kipimo kisomwacho na kazi ile, na nafasi ya akiba isingalisubiri hadi mwaka 2017.