Nani Alichora Huo Mstari?

Kuna neno la Kiingereza ambalo likishabandikwa kwenye kitabu, kitabu hicho kinaanza kuheshimika: "transgressive". Utalikuta nyuma ya jalada, utalisikia kwenye mijadala ya waandishi, utalisoma kwenye uhakiki wa riwaya, filamu, hata maonyesho ya picha. Kila mtu anatikisa kichwa kana kwamba tumeelewana. Mimi nina shida nalo. Si ati kwa sababu ni la Kiingereza. Sisi wa Nairobi hatuna usafi huo wa lugha. Shida yangu ni kwamba linamsifu mtu kwa kuvunja sheria bila kutuambia ni sheria gani, iliwekwa na nani, na bili aliletewa nani.

Maana si kila mvunja sheria anapewa hiyo sifa. Matatu ikiovalap Jogoo Road saa moja asubuhi, ikapanda mpaka kwenye njia ya watembea kwa miguu, hakuna mhakiki atakayesema dereva ni "transgressive". Tunamwita kitu kingine, na mhariri hatakubali nikiandike hapa.

Hebu tuangalie neno lenyewe limetoka wapi. Asili yake ni Kilatini, na maana ya kwanza ni mwendo tu: kupiga hatua ukavuka ng'ambo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia kwa dhambi. Mwaka 1963 Michel Foucault, akiandika kuhusu Georges Bataille, akalifanya swali la falsafa: mpaka na kuvuka vinategemeana, na mpaka ambao hauwezi kuvukwa kabisa si mpaka. Lilipofika kwenye majalada ya riwaya, lawama ilikuwa imeshageuka sifa. Wanajiolojia nao wana lao. Kwao "transgression" ni bahari kupanda polepole na kufunika nchi kavu. Hapo hakuna dhambi wala ushujaa. Ufuo wenyewe ndio unaohama. Hiyo maana ya wanajiolojia iweke kando kidogo, tutaihitaji.

Sasa njoo kwa Kiswahili. "Kukiuka", kabla mawakili hawajalichukua liwe neno la katiba, ni kuinua mguu na kupita juu ya kitu. Picha ni ileile ya Kilatini. Lakini halikai peke yake. Kuna kuvunja, ambapo kitu kinabaki vipande. Kuna kuasi, ambapo unamkataa mwenye kutoa amri. Kuna kukosa, ambapo ulilenga ukapiga pembeni. Kuna kuvunja mwiko, ambapo anayekukasirikia si hakimu bali ni shangazi zako. Mahali ambapo Kiingereza cha 1611 kinatumia neno hili moja, Biblia ya Union Version ina "makosa" katika Isaya 53:5 na "uasi" katika 1 Yohana 3:4. Kiswahili kinakulazimisha useme kilichotokea ni nini hasa.

Na huo ulazima ndio unaokosekana kwenye uhakiki wetu. Chukua waandishi wawili ambao neno la Kiingereza lingewatupa kwenye kapu moja.

Mwaka 1968, Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kijana wa miaka 22, aliandika karatasi ya kisiasa iliyoitwa "Kenya: Twendapi?" akiikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Alifungwa hadi 1972. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*. Ukiyasoma leo utashangaa: vina vimepangwa, mizani imetimia, Kimvita kimenyooka. Mtu ambaye serikali ilimwona hatari hakuvunja hata kanuni moja ya ushairi. Mwaka 1974 kitabu kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, jina ni la rais yuleyule.

Mwaka huohuo wa 1974, Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Hapo kukawa na soo ya aina nyingine. Washairi wa jadi walisema hayo si mashairi, na ubishi ule ukaendelea kwa miaka mingi. Lakini *Kichomi* hakikumpeleka mtu jela.

Sasa niambie, kati ya hao wawili nani ni "transgressive"? Mmoja aliasi dola na kulinda kanuni za babu zake. Mwingine alivunja kanuni za babu zake. Ukiwapa wote sifa moja, umeifuta miaka ya Kamiti. Umefanya kifungo na ubishi wa wasomi viwe vitu vya bei moja.

Kezilahabi huyohuyo ananipa kesi ngumu zaidi. Riwaya yake *Rosa Mistika* ya 1971 ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Ukisikia "marufuku" unatarajia kitabu cha raha. Si hivyo. Ni hadithi ya msichana ambaye baba yake anamchapa kwa sababu ya barua ya mvulana, akakua hajui lolote kuhusu wanaume isipokuwa hofu, na mwisho wake ni kifo. Ukiniuliza mimi, kitabu hiki kina maadili kupita kiasi. Rosa anaadhibiwa kwa kila hatua. Aliyekiuka hapo ni nani: Rosa, baba yake, au mwandishi aliyesema kwa sauti kile kila mzazi alikijua? Baadaye kitabu kilekile kikaingizwa darasani. Hakuna neno lililobadilika ndani yake. Ufuo ndio uliohama.

Halafu kuna *Rafiki* ya Wanuri Kahiu. Mwaka 2018 Bodi ya kuainisha filamu Kenya iliipiga marufuku, na Septemba Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku saba. Watu wakajazana kwenye sinema. Kwa umbo, ni filamu ya mapenzi ya kawaida kabisa: vijana wawili wanapendana, familia zao ni mahasimu wa kisiasa, mtaa unanong'ona. Kahiu alisimulia kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini. Yaani Kena na Ziki wangelia na kujuta, pengine kusingekuwa na shida.

Hapo ndipo neno la Kiingereza linaniudhi kabisa. Linadhani kila aliye ng'ambo ya mstari alitembea mpaka huko kwa makusudi, tena kwa mbwembwe. Kena na Ziki hawakuvuka kitu. Walipendana, kisha mstari ukachorwa nyuma yao wakiwa tayari wamesimama. Kumwita mtu wa hivyo "transgressive", hata kwa kumsifu, ni kukubaliana na bodi kuhusu mahali mstari ulipo.

Sisemi neno litupwe. Bataille aliandika akitaka kuvuka, na kuna waandishi wetu wanaoandika hivyo pia. Wapewe neno lao. Lakini tukiandika kuhusu vitabu vya hapa, tuchague kitenzi. Aliasi? Alivunja? Alikiuka nini, na kwa amri ya nani? Alikosea tu, tukaita kukosea ubunifu? Au hakufanya lolote, akachorewa mstari? Mhakiki akishindwa kujibu hayo, basi hajakisoma kitabu bado. Amesoma jalada.