Gitaa, tableti na ampli: pima kwa gumba na shahada

Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco akipiga "Masanga" kwa gitaa kavu. Gumba lilishika besi, kidole cha shahada kikaimba juu yake, na kila mlio ukasikika peke yake. Mpiga gitaa wa Lubumbashi aliyeunganisha tableti na ampli, akitaka kujua kama mtambo wake unafaa, asitafute kipimo mbali. Apige mtindo huo. Gumba na shahada vikigeuka uji mmoja, mtambo haufai, hata programu iwe na ampli mia za kuigiza.

Anza na sauti tupu. Zima efekti zote, piga, kisha chomoa na upige moja kwa moja kwenye ampli. Tofauti iwe ndogo sana. Ukiona nyuzi nyembamba zimepoteza makali, kosa liko pale gitaa linapoingilia. Pikapu za gitaa la umeme zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaohmu moja. Tundu la kinanda au la maikrofoni halina. Intafesi nzuri, yaani kifaa cha kuunganisha gitaa na tableti, huandikwa "Inst" au "Hi-Z" penye tundu hilo. Vile vijiadapta vya bei ndogo vinavyopita kwenye tundu la hedifoni vinatosha kwa mazoezi ya chumbani tu: sauti inayotoka huvuja na kuingia tena, na ukiongeza geni vinapiga mluzi.

Jambo la pili ni kuchelewa, na hapa usiwe na haraka. Tableti hukusanya sauti kidogo kidogo, katika akiba iitwayo bafa, kabla ya kuishughulikia. Bafa ikiwa sampuli 128, kwa sampuli 48,000 kila sekunde, unapoteza karibu milisekunde 2.7 sauti ikiingia na nyingine kama hizo ikitoka, mbali na muda wa intafesi yenyewe. Bafa ya 512 inakula zaidi ya 10 kila upande. Kumbuka pia kwamba sauti hewani huenda kama sentimita 34 kwa milisekunde: ukisimama mita tatu kutoka kwenye spika, umeshachelewa karibu milisekunde 9 kabla tableti haijaongeza zake.

Lakini usihukumu kwa namba. Kaa karibu na ampli, punguza volyumu, ziba nyuzi kwa kiganja cha kushoto na uzigonge kwa mkono wa kulia. Gitaa la umeme lina mlio wake mdogo mkavu hata bila spika. Sikiliza huo pamoja na ule wa ampli. Ikigonga kama mmoja, endelea. Ukisikia miwili, teremsha bafa mpaka iungane. Ukiteremsha mno, sauti itaanza kukatika na kupasuka, maana prosesa imezidiwa. Tableti nyingi za Android za bei nafuu hushindwa hapa, na kwa kazi hii ningechagua iPad iliyotumika kuliko moja ya hizo iliyo mpya. Kwenye sebene kasoro ya kuchelewa haifichiki: mpiga gitaa huanza kuwahi ili afidie, mpiga ngoma humfuata, na bendi nzima inakimbia.

Ampli ya gitaa nayo ina tabia yake. Spika yake inakata milio ya juu kabisa, na programu inayoiga kabati la spika inakata vilevile. Ukiviacha vyote viwili, sauti inavimba katikati na kufa juu. Kwa hiyo zima kabati la kuigiza. Kama ampli ina tundu la "Return" nyuma, ingilia huko, ili uache ampli ya programu ifanye kazi ya mbele. Kama haina, tumia chaneli safi, zima ampli ya programu, bakiza efekti tu, na anza na volyumu ya chini kabisa. Kanisani, unapoingia kwenye mikseri badala ya ampli, kabati la kuigiza lirudi.

Kuhusu efekti zenyewe, gitaa letu linahitaji chache: kompresa kidogo, korasi nyepesi, mwangwi mfupi. Mwangwi unaopendeza kwenye hedifoni huzama mara besi na kinanda vinapoingia. Upunguze nusu, kisha usikilize tena na bendi. Piga noti moja uiache ife yenyewe. Mkia ukikatwa ghafla, kizuia kelele kimekazwa mno.

Ukisikia mvumo au mluzi mwembamba, chomoa chaja kwanza. Mara nyingi kelele huondoka nayo, hasa unapotumia jenereta. Jaza betri nyumbani, upige bila chaja.

Kwa sherehe za uani, mitaani Katuba au Kamalondo, tafuta kivuli. Apple inataka iPad itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na jua la Oktoba juu ya kioo cheusi hupita hapo upesi. iPad ikizidiwa na joto hujifunga katikati ya wimbo. Weka hali ya ndegeni, la sivyo ujumbe wa WhatsApp utalia kupitia ampli wakati wa sala. Na mfukoni uwe na waya mmoja mrefu wa kutoka gitaa hadi ampli, ili tableti ikizima uendelee kupiga.